UCHUMI WA NYUMBANI: Programu ya Hesabu kwa Mwosha Magari Anayewafuata Wateja

Katika miaka ya karibuni imeenea mjini Kampala na viungani mwake kazi moja ambayo zamani haikujulikana sana. Kwa desturi, mwenye gari alilipeleka mwenyewe kwenye kituo cha kuoshea, akakaa juu ya benchi akingoja zamu yake. Sasa wako waoshaji wanaomfuata mwenye gari nyumbani kwake Naalya au Muyenga, ama kazini kwake, wakiwa na tangi la maji, mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, mashine ya kuvuta vumbi, jenereta ndogo, na sanduku la sabuni, nta na vitambaa. Hawaondoi matope tu. Hufungua viti, husugua mazulia, hung'arisha taa zilizofifia, na hupaka bodi nta mpaka rangi ikarudi kumeta. Kazi hii yaifaa sana familia ya askari wa jeshi au polisi, kwa sababu haihitaji chumba cha duka, na mke aliyebaki Mbuya au Nsambya wakati mumewe yuko kazini mbali aweza kuisimamia kwa simu pamoja na vijana wawili watatu.

Ugumu wake haumo katika kuosha. Umo katika hesabu, na mfano wake ni huu. Sajini mmoja aliyestaafu ametia kiinua mgongo chake katika mashine hizo. Kwa miezi minane simu ya mkewe hulia kila siku kwa ujumbe wa fedha kuingia. Nyumba inakula, ada ya shule inalipwa, na majirani husema kwamba familia ile imepata. Mwezi wa tisa mashine ya maji inakufa. Zatakiwa shilingi 1,800,000 kununua nyingine, na katika simu mna shilingi 60,000. Mume auliza, "Mama watoto, fedha za miezi yote hii ziko wapi?" Mke hana jibu, si kwa kuwa ameiba, bali kwa kuwa hapana mahali zilipoandikwa. Naye baba, aliyekuwa akichukua 20,000 za mafuta ya pikipiki kila Ijumaa, hakumbuki hata Ijumaa moja.

Ndipo rafiki husema, "Tafuteni programu ya hesabu." Ushauri huo ni mzuri, lakini haujakamilika, kwa sababu programu ziko nyingi, na nyingi kati yake hazikutungwa kwa kazi ya namna hii. Anayekimbilia kununua kabla ya kujua anachotaka kuulizia hesabu zake, aghalabu huishia kulipia kitu ambacho hakifungui tena baada ya mwezi wa pili.

Yafaa kwanza kufahamu programu ya hesabu ni kitu gani. Si akili, wala si mhasibu. Ni daftari lenye kanuni. Kanuni yenyewe ni ya zamani sana: mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, akifuata desturi ya wafanyabiashara wa mji huo, kwamba kila fedha iandikwe mara mbili, pale ilipotoka na pale ilipokwenda. Kompyuta imeongeza mwendo tu. Ikiwa mke wa sajini hataandika kwamba 20,000 zimekwenda katika tangi la pikipiki ya baba, hakuna programu duniani itakayolitambua jambo hilo kwa niaba yake.

Basi mwosha magari anayetembea anataka kujua nini? Jambo la kwanza, na lililo kubwa kuliko yote, ni faida ya kila namna ya kazi. Mwenye duka anaweza kuangalia faida ya mwezi mzima akatosheka. Mwosha magari hawezi, maana kazi zake hazifanani, na umbali haufanani.

Chukuliwe mfano wa kusafisha gari lote, ndani na nje, kwa shilingi 80,000. Petroli ya safari na ya jenereta ni 14,000, sabuni na nta 9,000, maji 2,000, ujira wa vijana wawili 20,000, gharama za simu na kutoa fedha 2,000. Jumla ni 47,000, na zabaki 33,000. Hapo wengi husimama wakafurahi. Lakini mashine ya 1,800,000 haitaishi milele. Ikikadiriwa kwamba itafanya kazi 300 kabla ya kuchoka, basi kila kazi imekula mashine kwa kiasi cha 6,000. Faida halisi ni 27,000. Hata hivyo, ni kazi nzuri.

Sasa itazamwe kazi ya pili: kuosha nje tu, kwa 25,000, nyumbani kwa mteja aliye mbali. Petroli 12,000, sabuni 3,000, maji 2,000, ujira wa kijana mmoja 7,000, na uchakavu wa mashine 6,000. Jumla ni 30,000. Mteja amelipa, kijana ameshukuru, simu imelia, na nyumba imepoteza 5,000. Kazi za namna hii zikiwa nyingi kuliko zile za kwanza, biashara inakufa huku ikionekana imeshamiri, na hilo ndilo lililompata sajini wetu. Dawa yake ni rahisi mara linapojulikana: kuongeza bei ya safari ndefu, au kuwapanga wateja wa mtaa mmoja siku moja, ili safari moja ihudumie magari manne. Lakini halijulikani bila maandishi.

Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ya kutafutwa katika programu ni uwezo wa kuandika kila gharama chini ya kazi yake au chini ya aina ya kazi, kisha kutoa taarifa ya faida ya kila aina. Programu nyingine huita mafungu hayo miradi, nyingine huyaita idara au madaraja. Jina si kitu. Muuzaji akiulizwa, "Nionyeshe faida ya kusafisha viti peke yake, mbali na faida ya kuosha nje," na akaanza kusifu rangi za michoro, inatosha kumuaga kwa heshima.

Jambo la pili ni madeni, na hapa familia za askari zina taabu yao ya pekee. Mke wa konstebo ameosha gari la mkubwa wa mumewe. Mkubwa amesema, "Nitakutumia mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi umepita mara mbili. Je, mke wa konstebo amwendee afande kumdai? Mumewe atamkataza, na si vigumu kuelewa kwa nini. Lakini programu yenye leja ya wadaiwa hutoa kwa kila mteja taarifa ya mwezi: tarehe ya kazi, namba ya ankara, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Ikiwa desturi ya biashara ni kuwapelekea wateja wote taarifa hiyo tarehe moja ya kila mwezi, wenye deni na wasio na deni, hapana aliyenyoshewa kidole. Afande apata karatasi ileile aliyopata mwalimu wa shule na mwenye duka la dawa. Mara nyingi hulipa siku hiyohiyo, kwa kuwa alikuwa amesahau tu.

Kwa upande mwingine wako wateja wanaolipa kabla ya kazi, mathalani 100,000 kwa kuoshewa mara nne katika mwezi. Fedha hizo zikiingia zisihesabiwe kuwa pato. Ni deni la biashara kwa mteja mpaka kazi ifanyike. Programu nzuri ina mahali pa kuandika malipo ya awali, na kila mara gari linapooshwa hupunguza robo. Wasiotofautisha mambo haya hutumia fedha za wiki nne katika wiki ya kwanza, kisha huosha wiki tatu bila hata fedha ya sabuni.

Jambo la tatu ni mipaka kati ya nyumba na biashara. Kila programu ya hesabu inayostahili jina hilo ina leja ya fedha alizochukua mwenyewe. Sukari, ada, mchango wa harusi, mafuta ya pikipiki ya baba, vyote huandikwa humo. Haikatazwi kuchukua, biashara iliundwa ili ilishe nyumba. Kinachotakiwa ni kuonekana kwamba kimechukuliwa, na na nani. Ni vyema zaidi kuwa na laini ya simu ya biashara peke yake, kwani orodha ya miamala ya laini hiyo yaweza kuombwa kwa kampuni ya simu na kulinganishwa na daftari mstari kwa mstari. Anayepokea fedha za wateja katika simu ileile anayotumia kununulia umeme wa nyumbani hujipatia kazi ya kuchambua pumba na mchele kila usiku. Na asisahau kwamba fedha zikitolewa taslimu, juu ya ada ya wakala ipo kodi ya asilimia 0.5 iliyowekwa mwaka 2018. Ni kidogo kwa siku moja, lakini kwa mwaka yatosha kununua kitu.

Yako pia manufaa ya kodi, ingawa watu wengi hudhani kwamba kutunza hesabu ni kujichongea mbele ya Mamlaka ya Mapato. Ukweli ni kinyume chake. Kwa viwango vilivyowekwa Uganda mwaka 2020 kwa biashara ndogo zenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka, mwenye kumbukumbu za hesabu hulipa kidogo kuliko asiye nazo. Biashara yenye mauzo ya milioni 24 bila kumbukumbu hutozwa 80,000. Ikiwa na kumbukumbu hutozwa asilimia 0.4 ya kiasi kinachozidi milioni 10, yaani 56,000. Mauzo yakifika milioni 36, asiye na kumbukumbu hulipa 200,000, na mwenye nazo 110,000. Yakifika milioni 90, tofauti ni kati ya 900,000 na 430,000. Fedha zinazookolewa hapo zaweza kununua kompyuta ya mkono iliyokwisha kutumika. Mauzo yakipita milioni 150 mambo hubadilika, kwa kuwa sheria humtaka mwenye biashara ajiandikishe kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kutoa ankara za kielektroniki kwa mfumo wa EFRIS ulioanza kulazimishwa Januari 2021. Mwosha magari mwenye tangi moja hajafika huko, na asishawishiwe kulipia programu kwa sababu ya sifa hiyo peke yake. Itoshe kwake kwamba programu inakubali mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni, kama ulivyo mwaka wa kodi nchini.

Sheria hiyohiyo ya taratibu za kodi huagiza kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Hapa ndipo penye swali ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa: programu ikiachwa, hesabu zilizomo zitasomwa vipi? Si swali la mzaha. Kampuni ya Marekani iitwayo Intuit, inayotengeneza QuickBooks tangu mwaka 1992, iliondoa programu hiyo India mwaka 2023, na wateja wa nchi ile kubwa walilazimika kuhamisha hesabu zao kwingine. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo yake maarufu ya kuwekwa ndani ya kompyuta, ikawaelekeza kwenye toleo la intaneti. Wave ya Toronto, ambayo ilisifiwa sana kwa kuwa ya bure, tangu mwisho wa mwaka 2020 haipokei wateja wapya walio nje ya Marekani na Kanada. Bado wako watu wanaoipendekeza kwa wenzao bila kujua kwamba mlango umefungwa. Mnamo Desemba 2024 kampuni ya Bench ya Vancouver, iliyokuwa ikiwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo, ilisimamisha kazi ghafla katikati ya sikukuu, na ingawa ilinunuliwa siku chache baadaye, wateja wake walikuwa wamekwisha kuonja hofu. Basi programu yoyote isiyoweza kutoa hesabu zote katika jedwali la kawaida linalofunguka kwenye Excel au LibreOffice, isiingizwe nyumbani.

Programu zenyewe zaweza kutazamwa sasa. Yako makundi mawili makubwa: zile zinazokaa ndani ya kompyuta ya mwenyewe, na zile zinazokaa kwenye intaneti na kulipiwa kila mwezi.

Katika kundi la kwanza imo Tally, iliyotungwa Bangalore, India, ambayo wenye maduka wa Kampala wanaijua sana. Ni imara, na vijana waliojifunza kuitumia hupatikana. Lakini nguvu yake imo katika kuhesabu bidhaa za ghala, nayo mwosha magari ghala lake ni sanduku moja. Kumnunulia Tally ni kama kumpa lori mtu anayekwenda sokoni kununua nyanya. GnuCash ni ya bure kabisa, imekuwako tangu miaka ya 1990, na hufuata kanuni ya Pacioli bila huruma. Aliyesoma uhasibu ataipenda, asiyesoma atachoka. Iliyo rahisi zaidi kwa familia ni Manager, ambayo toleo lake la kuwekwa kwenye kompyuta halilipiwi, hufanya kazi bila intaneti, na ina ankara, wadaiwa, mali zinazochakaa, na mafungu ya kutenganisha faida ya kila aina ya kazi. Mtu mwenye elimu ya sekondari aweza kuizoea katika majuma mawili akiwa na mtu wa kumwelekeza mwanzoni. Upungufu wake ni kwamba kijana aliye Muyenga hawezi kuandika kazi katika kompyuta iliyo Nsambya. Ataandika stakabadhi, na jioni mama ataingiza.

Wala upungufu huo si mkubwa kama unavyosikika. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala na namba zilizopigwa chapa ni mlinzi mzuri. Jioni, namba zikiwa 0415, 0416 na 0418, mama huuliza 0417 iko wapi. Pengine iliharibika, na nakala yake ipo. Pengine kuna gari lililooshwa njiani bila taarifa. Kijana mwaminifu hafurahi kushukiwa, naye hulindwa na kitabu hicho kuliko kulindwa na maneno yake.

Katika kundi la pili zimo QuickBooks ya intaneti, Xero ya New Zealand, na Zoho Books ya kampuni ya Chennai, India. Uzuri wake ni kwamba ankara hutolewa kwa simu papo hapo mbele ya mteja, na kwamba mume aliye Moroto, au hata aliye katika kikosi cha Somalia, aweza kuona hesabu za nyumbani kwake akipata nafasi. Kwa familia nyingi hilo peke yake ni dawa ya ugomvi, ilimradi mume apewe ruhusa ya kutazama tu. Mabwana wengine wakipata ruhusa ya kuandika huanza kurekebisha mambo wasiyoyajua. Ubaya wake ni malipo ya kila mwezi, ambayo aghalabu hukatwa kwa dola kutoka kwenye kadi ya benki, hata mwezi ambao mvua imenyesha kila siku na hakuna aliyeoshesha gari. Iko pia gharama ya data, ambayo tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12. Na intaneti ikikosekana, kama ilivyozimwa nchini kwa siku kadhaa Januari 2021, daftari halifunguki, ingawa magari yanaendelea kuchafuka.

Kuna tatizo jingine la kundi hili ambalo familia za kiraia zaweza kulipuuza, lakini familia za askari zisilipuuze. Mwosha magari anayetembea hujua mambo mengi: namba ya gari la fulani, nyumba yake iko wapi, siku gani yupo na siku gani hayupo. Wateja wake wakiwa maofisa, orodha hiyo si karatasi ya kufungia maandazi. Sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi ya mwaka 2019 humtaka kila anayekusanya taarifa za namna hiyo akusanye zile tu anazozihitaji na azilinde. Kwa hiyo, katika programu yoyote, na hasa inayotunza hesabu katika kompyuta za nchi nyingine, haifai kuandika cheo cha mteja, kikosi chake, wala maelezo ya lango na walinzi. Jina moja au namba ya mteja yatosha kwa ankara. Maelekezo ya njia yabaki katika kitabu kidogo cha mama, na kijana aelezwe kwa mdomo. Nywila ya programu nayo isiwe ileile ya simu ambayo watoto wote wanaijua.

Iko pia njia ya tatu ambayo haifai kutajwa kwa sifa, nayo ni kununua mjini kwa bei ya chai nakala iliyoibwa ya programu ya kulipiwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 huzilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na ni aibu ya pekee kukuta mali ya namna hiyo katika nyumba ya polisi. Tena nakala hizo huja na virusi, na virusi havichagui faili. Programu za bure zipo. Wizi hauna hata kisingizio cha umaskini.

Je, ni lazima kuanza na programu? Kwa biashara yenye kazi chini ya kumi kwa wiki, jedwali la Excel, au la LibreOffice ambayo ni ya bure, linatosha: tarehe, namba ya stakabadhi, aina ya kazi, mtaa, bei, petroli, vifaa, ujira, iliyolipwa, iliyobaki. Safu kumi tu. Mama aliyezoea kuandika safu hizo kila jioni kwa miezi mitatu atakuwa na haki ya kuuliza maswali magumu kwa muuzaji yeyote, na anaweza hata kugundua kwamba hahitaji kununua kitu. Akifika kazi ishirini au thelathini kwa wiki, akaajiri kundi la pili la vijana, au akapata shirika linalotaka ankara na kulipa baada ya siku 30, hapo jedwali huanza kumchosha, na Manager au mfano wake ndiyo hatua inayofuata. Programu ya kulipiwa kila mwezi ingoje mpaka kuwe na makundi mawili yanayofanya kazi mitaa tofauti kwa wakati mmoja, kwa kuwa hapo ndipo kutoa ankara kwa simu kunaanza kujilipia.

Kabla ya kuamua, programu ijaribiwe kwa wiki moja ya kazi halisi, si kwa mifano ya kubuni. Nyingi za kulipiwa huruhusu majaribio ya bure. Wiki hiyo iingizwe kazi iliyolipwa nusu taslimu na nusu kwa simu, kazi iliyofutwa baada ya vijana kufika mlangoni, mteja aliyelipa kabla, mkubwa aliyeahidi mwisho wa mwezi, sabuni iliyonunuliwa kwa mkopo, na 20,000 za baba. Jumapili mchana, wote wawili wakiwa wamekaa, mama ajaribu kujibu bila msaada: nani anadaiwa, kazi ipi imeleta hasara, na fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya mashine mpya. Ikiwa majibu yamepatikana kabla chai haijapoa, programu hiyo inafaa, hata kama haina sifa mjini. Ikiwa imebidi kumpigia simu mtaalamu, iachwe.

Hilo la mashine mpya lisibaki katika kompyuta peke yake. Zile 6,000 za uchakavu zinazoandikwa kwa kila kazi ni namba tu mpaka zihamishwe kweli. Ni vyema kila Jumamosi kuhesabu kazi za wiki, kuzizidisha kwa 6,000, na kiasi hicho kupelekwa katika akiba, iwe benki au katika vyama vya akiba na mikopo vya askari kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Baada ya kazi 300 patakuwa na shilingi 1,800,000 mahali ambapo haziwezi kuombwa kwa ajili ya harusi.

Kuhusu siku ya kuanza, haifai kurudi nyuma kuingiza kazi za mwaka mzima uliopita; wengi waliojaribu walikata tamaa kabla ya kufika Machi. Ichaguliwe tarehe 1 ya mwezi, na ikiwezekana iwe ya Julai. Asubuhi ya siku hiyo zihesabiwe fedha zilizo katika simu ya biashara, taslimu zilizo ndani, mashine na thamani yake kwa wakati huo, madeni ya wateja jina kwa jina, na madeni ya biashara kwa muuza sabuni. Hayo ndiyo yaingizwe kwanza. Nakala ya faili iwekwe kila Jumapili katika diski ndogo, nayo diski isikae katika mkoba mmoja na kompyuta, kwani mwizi hachukui kimoja akaacha kingine. Daftari la zamani lisichanwe kuwashia sigiri. Lifungwe pamoja na vitabu vya stakabadhi, liandikwe mwaka juu yake, na liwekwe chini ya sanduku la nguo kwa ile miaka mitano.